Heri Wenye Rehema: Hotuba ya Mlimani Katika Nchi ya Nassa na Kiloleli

Wengi wetu tuliopitia vyuo vya theolojia tumefundishwa kuzifafanua heri za Mathayo 5:3-12 kwa utaratibu mzuri. Tunajua kwamba Luka anawataja maskini bila kuongeza neno, na kwamba Mathayo anawataja maskini wa roho. Tunajua kwamba neno la Kiyunani makarios halielezi furaha ya kupita, na tumezoea kuwaonya waumini kwamba heri si ngazi ya kupandia mbinguni. Hayo yote ni ya kweli na yana mahali pake katika mtihani. Lakini mara chache tumeuliza swali la mwanahistoria, yaani: maneno haya yalipofika mahali fulani, kwa watu fulani, yalikutana na jambo gani, nayo yalifanya nini?

Makala hii inakusudia kuuliza swali hilo kuhusu sehemu moja ya Usukuma, ile inayotoka mwambao wa Ghuba ya Speke na kuelekea Bariadi. Huko ndiko iliko Kiloleli, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Mkoa huo uliundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Busega ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Magu mkoani Mwanza, na Bariadi ilihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga. Msomaji na akumbuke jambo hilo, maana taarifa za zamani za nchi hii zimeandikwa chini ya majina ya Magu, Mwanza na Shinyanga.

Kwa sikio la Msukuma, jina Kiloleli lina sauti ya kitenzi kulola, yaani kutazama. Hatutaki kujenga theolojia juu ya jina la kijiji. Wahubiri wamekwisha kujenga nyumba nyingi juu ya misingi hafifu kama huo. Hata hivyo habari tunayotaka kuieleza ni habari ya macho: macho mekundu ya wazee wa kike, macho ya jirani aliyeyatazama akaona uchawi, na macho ya Kanisa ambayo kwa muda mrefu yalitazama upande mwingine.

Nassa

Katika wilaya hiyo hiyo ya Busega ipo Nassa. Hapo ndipo wamisionari wa Kianglikana wa CMS walipofungua kituo mwishoni mwa miaka ya 1880, wakati kazi yao ya Buganda ilipokuwa katika misukosuko, na Alexander Mackay alipokuwa amehamia Usambiro, kusini mwa ziwa, ambako alifariki Februari 1890. Mwaka 1909 kituo cha Nassa kilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission, na kutokana na kazi hiyo limekua kanisa ambalo leo ni Africa Inland Church Tanzania. Kwa upande wa Wakatoliki, Mapadri Weupe walikuwa wamekwisha kufika Bukumbi tangu mwaka 1883. Sisi Walutheri tulikuja huku nyuma yao sana. Kwa hiyo hatuandiki historia ya kanisa letu peke yake, na lawama itakayosikika katika kurasa hizi haiwahusu wengine tu. Tuliokuja baadaye tulikuta jambo lenyewe linatendeka, nasi tukaishi nalo.

Tunataja miaka hii kwa sababu moja. Mauaji ya watu waliodhaniwa kuwa wachawi yalipoongezeka Usukumani katika miaka ya 1960 na 1970, Hotuba ya Mlimani ilikuwa imekwisha kusomwa mwambao huu kwa takriban miaka 80. Haiwezekani kusema kwamba Neno lilikuwa bado geni. Watoto waliikariri shuleni, wanakwaya waliiimba, ilisomwa makaburini. Wala haiwezekani kusema kwamba Wasukuma ni watu wasiopenda amani. Salamu yao ya kila siku huulizia mhola, yaani shwari, amani ya mji na ya watu wake, na mgeni anayefika jioni hupewa maji, chakula na mahali pa kulala kabla hajaulizwa shida yake. Ni katika nchi ya watu hao hao ambamo mjane aliyelala peke yake alianza kuogopa kila mbwa anapobweka.

Miaka ya mapanga

Magazeti yetu huyaita mauaji haya mauaji ya vikongwe. Tunalitumia neno hilo kwa shingo upande, kwa kuwa linamtoa mama katika ngeli ya watu na kumweka katika ngeli ya vitu, na pengine hapo ndipo ubaya wenyewe unapoanzia. Taarifa za serikali zilizokusanywa kwa kipindi cha mwaka 1970 hadi 1984 zilihesabu zaidi ya watu 3,600 waliouawa Tanzania Bara kwa sababu ya tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukumani. Profesa Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliifanyia kazi habari hii kwa makini, na yeyote atakayehudumu katika sharika za Kanda ya Ziwa angefanya vema kumsoma kabla hajapanda mimbarani.

Njia ya mauaji inajulikana. Mtoto anaugua, au ng'ombe wanakufa, au kijana aliyeanza kufanikiwa anapata ajali. Familia inakwenda kwa mganga mpiga ramli, ambaye katika desturi ya huku huchinja kuku na kusoma viungo vyake. Mara nyingi mganga hataji jina; anataja dalili. Ni mtu wa karibu, anasema, ni mwanamke, ni mzee, macho yake ni mekundu. Familia inarudi nyumbani na kulijaza jina yenyewe. Baada ya siku chache, au miezi, wakata mapanga waliolipwa wanaingia usiku katika nyumba ambayo mara nyingi haina hata mlango wa kufungwa kwa ndani. Msukuma ana desturi njema ya kumpeleka mjukuu akalale kwa bibi yake, ili amwashie moto na kumtekea maji. Hivyo yametokea mauaji ambayo shahidi wake pekee alikuwa mtoto.

Na macho mekundu? Kila aliyeingia katika jiko la kijiji cha Usukuma anaijua sababu. Nchi hii ilifyekwa miti yake kwa muda mrefu: kwa kuwafukuza mbung'o, kwa kupanua mashamba ya pamba, kwa kuwapatia ng'ombe malisho. Kuni zilipokwisha, akina mama wakapikia mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe katika chumba kisicho na dirisha. Mwanamke aliyepika hivyo kwa miaka 40 au 50 anakuwa na macho mekundu yanayotoka machozi. Yaani macho yale yalikuwa mshahara wa kuwalisha wengine, na ndiyo yaliyosomwa kama ushahidi wa kuwala.

Wanaochunguza mambo haya wameonyesha sababu nyingine zilizoongezea moto. Watemi walipoondolewa madarakani kisheria mwaka 1963, uliondoka pia mfumo ambamo mtuhumiwa aliweza kupelekwa mbele ya mtu mwenye mamlaka, akasikilizwa au akaamriwa kuhama. Hatuutukuzi mfumo huo; kufukuzwa katika nchi yako ni adhabu ya kutisha. Lakini ulikuwa na mlango wa kutokea. Kisha ikaja operesheni ya vijiji mwaka 1974, ambayo iliwatoa Wasukuma katika miji yao iliyotawanyika na kuwapanga kwa mistari, boma hili likitazamana na la mtu ambaye hakumchagua kuwa jirani. Magonjwa yakaonekana kwa wote, na wivu vilevile.

Tunalopaswa kujiuliza sisi wahudumu ni kwamba heri ya wenye huzuni tuliihubirije katika mazishi ya mama kama huyo. Jibu si zuri. Ni desturi yetu katika misiba kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Kulisema neno hilo mbele ya jeraha la panga ni kumsingizia Mungu kazi ya mtu, na pengine mtu huyo amekaa kwenye mkeka wa mbele, akiwa ameshika chepeo. Faraja iliyoahidiwa wenye huzuni katika Mathayo 5:4 haiwezi kutolewa kwa kulifunika kosa. Tumewahi kusikia ibada nzima ya mazishi ya namna hii ambamo sababu ya kifo haikutajwa hata mara moja, na baada ya ibada watu wakala wakatawanyika. Mhudumu hakuwa mwoga kuliko sisi. Alikuwa amefunzwa na sisi.

Neno kuhusu mwaka 1977

Mwaka 1976 serikali iliendesha operesheni ya kuwasaka wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Watu wengi walikamatwa. Baadhi waliteswa, na kadhaa walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Habari zilipomfikia Mwalimu Nyerere, zilisababisha jambo lisilo la kawaida katika siasa za bara letu. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, na pamoja naye Ndugu Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais. Mwinyi hakuwa amempiga mtu yeyote. Alisema kwa tendo kwamba yaliyotendwa na walio chini yake yalikuwa juu yake. Baadaye aliwakilisha nchi Misri, akawa Rais mwaka 1985, na alifariki Februari 2024 akiwa mzee wa kuheshimiwa na wote.

Mwinyi alikuwa Mwislamu, na hakuhitaji heri zetu ili ajue la kufanya. Tunalitaja tendo lake kwa sababu, katika historia yote ya mauaji haya, hatujui tendo la hadharani linalokaribia zaidi maana ya maskini wa roho, yaani mtu asiyeshikilia haki yake wala cheo chake mbele za Mungu. Ni vema mwanafunzi wa theolojia ajue kwamba mfano huo upo katika kumbukumbu za nchi yake, wala haumlazimu kuvuka bahari kuutafuta. Na ni vema pia akumbuke upande wa pili: operesheni ile ilianzishwa kwa ajili ya kuwalinda wanyonge, nayo ikawatesa watu wengine. Njaa ya haki ilikuwepo, rehema haikuwepo.

Watu wa salama

Jambo hilo lilijirudia kwa namna nyingine miaka michache baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe na ujambazi ulikuwa umezidi, hasa baada ya vita vya Uganda, silaha zilipoenea. Polisi walikuwa mbali, na wengi waliamini kwamba mwizi aliyekamatwa leo angeonekana gulioni kesho. Hapo yakazuka makundi ya sungusungu, yakianzia pande za Kahama na Nzega na kuenea upesi Usukuma nzima. Yalijipanga kwa vyeo vya jadi, ntemi na makamanda wake, vijana wenye pinde na mishale, yowe likipigwa kijiji hiki na kupokewa na kijiji kile hata mwizi akakosa pa kupita. Chama tawala na Mwalimu Nyerere waliyaunga mkono, na mwaka 1989 yalitambuliwa katika sheria. Mahali pengi walijiita Basalama, watu wa salama.

Jina hilo latupasa tusimame hapo kidogo. Wapatanishi wa Mathayo 5:9, kwa Kiyunani eirenopoioi, ni watu wanaofanya amani, na tafsiri ya karibu kabisa katika maneno ya wakulima wa Usukuma ingekuwa jina hilo hilo walilojipa sungusungu. Je, walilistahili? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Ng'ombe walirudi kwa wenyewe, barabara zikapitika, mama akaweza kwenda gulioni na kurudi. Ni rahisi kwa msomi anayelala katika nyumba yenye mlinzi kuwadharau wakulima waliojilinda wenyewe. Lakini katika sehemu kadhaa, hasa mwanzoni, makundi hayo hayo yaliwashughulikia pia waliodhaniwa kuwa wachawi, na wanawake walipigwa, walifukuzwa na wengine kuuawa kwa jina la salama. Tena adhabu yao kuu ilikuwa kutenga: mtu asisalimiwe, asiazimwe moto, asichote maji na wenzake, asizikwe. Mkosaji alilipa faini, akala na wenzake, akarudishwa. Huo ulikuwa upatanisho wa kweli, na tungeweza kujifunza kitu hapo kwa ajili ya nidhamu ya Kanisa, ambayo kwetu imebaki kuandika jina katika daftari na kulisahau. Ila mwanamke aliyetuhumiwa uchawi hakuwa na faini ya kulipa. Hakuna ng'ombe awezaye kufidia kosa ambalo halikutendwa.

Wittenberg

Msomaji Mlutheri ataulizia Martin Luther, naye ni haki aulizwe. Kati ya miaka 1530 na 1532 Luther alihubiri juu ya Mathayo 5 hadi 7 mjini Wittenberg, akishika nafasi ya Mchungaji Bugenhagen aliyekuwa safarini Lübeck, na mahubiri hayo yalichapishwa mwaka 1532. Hoja yake kubwa yafaa ikumbukwe: heri si mashauri ya ukamilifu waliyoachiwa watawa. Ni maisha ya kila Mkristo mahali alipo, mama jikoni, mkulima shambani, mtumishi kwa bwana wake. Luther akatofautisha pia nafsi na cheo. Mkristo kwa nafsi yake hulipokea tusi. Hakimu kwa cheo chake hawezi kuliacha kosa lipite.

Mafundisho hayo ni mazuri, na ndiyo tuliyoyatumia vibaya. Tulisema mauaji ni kazi ya polisi na mahakama, yaani kazi ya cheo. Nasi, kwa nafsi zetu, tuombe na kusamehe. Kwa njia hiyo mjane alibaki katikati, hana cheo kinachomlinda wala nafsi inayolala mlangoni pake.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Luther huyo huyo, mwaka 1526, alihubiri juu ya Kutoka 22:18 na kukubali kwamba wachawi wauawe. Mwaka 1540 watu wanne waliuawa mjini Wittenberg kwa kosa la uchawi, wakati Luther angali hai na anahubiri. Ulaya nzima, Wakatoliki na Waprotestanti, iliua watu wanaokadiriwa kati ya 40,000 na 60,000 katika muda wa karne tatu hivi, na wengi wao walikuwa wanawake. Mmisionari aliyekuja Afrika na kushangaa ushirikina wetu alikuwa mjukuu wa watu hao, ingawa kwa kawaida hakutuambia. Wala tusiyaseme haya kwa furaha. Tunayasema kwa sababu mwanafunzi akijua kwamba baba wa Matengenezo alikosea hapa, hatashangaa kwamba mzee wa usharika naye anakosea, na hataamini kwamba elimu ya Biblia peke yake huondoa hofu.

Alikuwepo mwingine. Johannes Brenz, mtengenezaji wa Kanisa huko Württemberg, alihubiri mwaka 1539 juu ya mvua ya mawe iliyoharibu mazao. Watu walikuwa wakiwasingizia wachawi. Brenz aliwaambia kwamba mvua ya mawe iko mkononi mwa Mungu, kwamba mchawi hana uwezo huo, na kwamba mtu aliyepata hasara aitazame nafsi yake kwa toba, kama Ayubu, badala ya kumtazama jirani. Brenz hakufika mwisho wa njia. Bado aliona kwamba anayekusudia uchawi anastahili adhabu. Hata hivyo alimwondolea jirani lile shtaka la mazao. Msukuma aliyekosa mvua, ambaye zamani alimdai mtemi wake mvua, anaelewa upesi hubiri la namna hiyo, pengine kuliko Mjerumani wa leo. Umaskini wa roho, kwa maana hii, ni kukubali kutojua sababu ya kifo cha mtoto wako bila kumtafutia mtu.

Na Luther dhidi ya Luther: katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, akieleza Amri ya Tano, anafundisha kwamba anayemwona mtu asiye na hatia akielekea kuuawa naye asimwokoe ingawa anayo njia, amemwua. Kipaimara chetu hutumia Katekisimu Ndogo peke yake, kwa hiyo fundisho hilo ni wachache wanaolisikia.

Jiko na paa

Tangu miaka ya 1990 Wilaya ya Magu, ambayo wakati huo ilijumuisha Nassa na Kiloleli, ilipata kazi ya namna tofauti. Shirika la wenyeji la MAPERECE, kwa ushirikiano na HelpAge International, lilijishughulisha na wazee, na hasa na wanawake waliokuwa katika hatari ya kutuhumiwa. Halikuanza na hotuba juu ya uchawi. Lilihimiza majiko yanayotumia kuni kidogo na kupunguza moshi. Liliwasaidia wazee kupata nyumba imara na maji ya karibu. Liliwafundisha watu wa vijijini sheria za ardhi na mirathi, likazungumza na waganga wa jadi, na likawatumia waimbaji na wacheza ngoma, maana Usukumani neno lisiloimbwa halifiki mbali.

Tunakiri kwamba tuliposikia mara ya kwanza habari ya majiko tulicheka kidogo. Tulidhani dawa ya hofu ya uchawi ni mafundisho kuhusu ushindi wa Kristo juu ya mamlaka za giza. Hatujaacha kuamini hivyo. Lakini mwenye rehema, kwa maana ya eleos, ni yule aliyeona jeraha na kulifunga, na Msamaria wa Luka 10 hakuanza kwa kumfundisha majeruhi. Jiko lenye bomba la moshi linamwondolea mama ile alama ambayo mganga huitaja. Mlango wenye komeo unampa nusu saa ya kupiga yowe. Vivyo hivyo kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyoanza mwaka 1986 na kurudisha ngitili, yaani malisho na misitu inayohifadhiwa kwa desturi ya Kisukuma, haikuwa kazi ya kanisa. Lakini mahali ambapo miti ilirudi, kuni zilirudi jikoni.

Mauaji hayakukoma. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zilikuwa bado zinahesabu mamia ya waliouawa kwa mwaka nchini kwa tuhuma za uchawi. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2007, mikoa hii hii ilipata aibu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, ambapo viungo vya mtu vilitafutwa kwa ajili ya utajiri. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Amri hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini ramli hupigwa kwa siri, na anayeijua siri hiyo ni jirani, si mkuu wa wilaya.

Wenye upole na nchi

Imebaki heri moja ambayo tunadhani imedharauliwa kuliko zote. Wenye upole, asema Bwana, watapata nchi kuwa urithi wao. Tumezoea kuielekeza nchi hiyo mbinguni, ingawa Zaburi ya 37, ambako neno hilo limetoka, inazungumza juu ya ardhi ya kukaa na kulima. Usukumani, nyuma ya tuhuma nyingi za uchawi lipo shamba. Mjane anakaa juu ya ardhi ya marehemu mumewe; shemeji au mwana wa mke mwingine anaitaka; kumfukuza ni vigumu, kumtaja ni rahisi.

Sheria ya kimila iliyotangazwa mwaka 1963 ilimweka mjane nyuma katika urithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilisema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu, lakini katika mirathi mambo hayakunyooka. Wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, waliondolewa katika nyumba zao na wakwe baada ya kufiwa na waume. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo za kimila ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Walikata rufaa, wakashindwa kwa sababu za kiutaratibu, wakaendelea mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba haki zao zimevunjwa na kuitaka serikali ibadilishe sheria. Tangu waanze mpaka uamuzi huo, ni takriban miaka 10. Hatujui tafsiri bora ya praus, mpole wa Biblia, kuliko fundi cherehani anayedai nyumba yake kwa miaka 10 bila kumpiga mtu.

Tumepitia madaftari ya sharika kadhaa katika nchi hizi. Yana safu ya waliobatizwa, ya waliopata kipaimara, ya ndoa, ya ahadi na ya walio chini ya nidhamu. Mwinjilisti wa mtaa akiulizwa ni wajane wangapi wanaolala peke yao, na ni nani kati yao mlango wake haufungi, huwajua wote kwa majina na huwataja bila kufikiri, akinyoosha mkono kuelekea kila nyumba. Safu ya kuwaandika haipo.